Kura ya Huruma

Ndege iliyomrudisha Vilitama nyumbani ilichelewa dakika kumi tu, na Ligi aliliona jambo hilo kama tusi. Siku ile ndege ilipokuwa ikingojwa kwa roho juu, haikutua. Leo imebeba sanduku, na imekuja kama iliyotumwa.

Alikuwa amesimama penye uzio wa uwanja pamoja na watu wa kijiji chake, Mataloto, mkeka mpya umekunjwa kwapani. Alikuwa akiusuka tangu simu ilipopigwa kutoka Auckland, Nyuzilandi, kwamba kaka yake Vilitama aliketi kwenye benchi la kubadilishia viatu, katika kiwanda cha kufungasha kuku, na hakuinuka tena. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya miba ya mkadi, ambao majani yake ndiyo husukwa. Hakuifunga kwa kitambaa. Aliona afadhali iume.

Abiria walishuka mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Losaline, mjane, ndani ya gauni jeusi lenye mikono mirefu. Watu wote wa Mataloto wakaona ghafla kwamba kuna kitu cha kutazamwa kwenye viatu vyao.

"Kanenepa," alinong'ona shangazi Mokahele, ambaye kunong'ona kwake husikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Shangazi, jamani."

"Nimesema vibaya? Kule wanakula kuku kila siku. Sisi tunamla akija na meli, akiwa amesahau hata kwamba alikuwa kuku."

Losaline alikuja moja kwa moja mpaka kwa Ligi. Walikuwa hawajaonana kwa miaka saba.

"Wifi," alisema. "Umekonda."

Ligi alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilio tu. Watu wakasema moyoni mwao, maskini, alimpenda kaka yake. Ni kweli alimpenda. Ila hicho sicho alichokuwa akililia.

*

Mataloto hutoa mbunge mmoja, kama kila kijiji cha kisiwa cha Niue, hata kama kijiji chenyewe kina mapaa mengi yaliyooza kuliko yenye moshi. Miaka saba nyuma, mwaka ambao Vilitama aligombea, wapigakura walikuwa arobaini na watatu. Hakuna aliyewahi kupiga kampeni pale. Utamwambia nini mtu mliyemzika mama yake pamoja? Watu walijua tu. Ukoo huu uko huku, ukoo ule uko kule, na usiku wa kuamkia siku yenyewe kila mtu alikuwa ameshahesabu kwa vidole.

Mzee Lagatau alikuwa ameketi bungeni miaka kumi na minane. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafutia watu ajira serikalini, maana nje ya serikali hapakuwa na mwajiri. Aliyefagia hospitali alilipwa na serikali, na aliyefungua lango la gati, na aliyepima mvua, wote vilevile. Na serikali nayo ilisubiri fedha kutoka Nyuzilandi. Vilitama alikuwa mkulima wa magimbi. Hoja yake ilikuwa moja tu, na aliisema akiwa amechuchumaa shambani, siyo jukwaani.

"Wametufundisha kungoja," alisema. "Tunangoja meli, tunangoja ndege, tunangoja mshahara. Nikiingia kule nitadai nafasi ya magimbi kwenye kila meli inayorudi. Inarudi tupu, Ligi! Inakuja imejaa mchele na nyama ya makopo, inarudi imebeba hewa. Vijana wakiona gimbi linaleta dola, watabaki. Wakibaki, shule haitafungwa."

Ligi alimwamini. Hilo ndilo lililomchoma miaka yote iliyofuata: alimwamini kabisa.

Wakati ule alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya stempu, mjini Alofi. Walikuwa wanawake saba, wakipanga stempu zenye picha za ndege na nyangumi ndani ya bahasha, kwa ajili ya watu wa nchi za mbali wanaokusanya stempu na ambao hawatakanyaga kisiwani hata siku moja. Mume wake alikuwa amekwenda Auckland kutafuta kazi, akaipata, na akampata na mwanamke. Mshahara wa stempu ndio uliokuwa ukimlisha Ligi na mama yake kipofu.

Wiki mbili kabla ya kura, mzee Lagatau aliingia ofisini na kaa wawili wakubwa wa porini, wale wenye mkia mnene, amewafunga kwa kamba ya makumbi ya nazi. Aliwaweka mezani, miguu ikikwaruza bahasha.

"Hawa ni wa mama yako," alisema. "Bado anapenda yale mafuta ya mkiani?"

"Anayapenda, mzee. Asante."

Akaketi. Alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Mwanangu, Nyuzilandi wanapunguza. Orodha ya watu wa kuachishwa imekuja. Nimeiona." Akashusha sauti. "Jina lako nimelificha."

Hakuomba chochote. Alivaa kofia yake akaondoka.

*

Siku ya kura, Vilitama alikuwa na watu ishirini na watatu, Lagatau ishirini. Wawili kati ya watu wa Vilitama, mjomba Sefo na mkewe, walikuwa Auckland walikokwenda kutibiwa macho, lakini wangefika na ndege ya saa sita. Vilitama alikuwa ameshaandaa gari la kuwakimbiza kutoka uwanjani.

Ligi alikwenda mapema, saa tatu asubuhi, amefuatana na Losaline. Losaline alikuwa mtu wa Tuvalu, visiwa vingine vya mbali. Alikuja kisiwani na wazazi wake akiwa msichana, akaolewa Mataloto, akazaa watoto wanne Mataloto, na alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kuongoza katika kwaya ya Mataloto. Njiani alilalamika kuhusu viatu vya mumewe.

"Nimemwambia, mheshimiwa, utaapishwa na kidole kinachungulia? Anasema Bunge halitazami vidole. Wifi, kaka yako ananiua."

Mzee Lagatau alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ukumbi, shati jeupe limefungwa kifungo hadi shingoni. Miaka mingine benchi lile hujaa watu wa kumsalimu. Leo alikuwa peke yake, mikono juu ya magoti, anawatazama kuku. Alipomwona Ligi alitabasamu na kuinua vidole viwili tu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenzake.

Ligi aliingia nyuma ya pazia. Lilikuwa shuka la maua la mke wa mchungaji, limetundikwa kwa pini za nguo. Alishika kalamu, akapiga hesabu. Ishirini na tatu kwa ishirini. Akimpa mzee moja, ni ishirini na mbili kwa ishirini na moja. Kaka bado ni mbunge. Na mzee wa watu, baada ya miaka kumi na minane, atapata walau kura moja isiyotoka kwenye damu yake. Asizomewe na karatasi.

Ni huruma, alijiambia. Huruma tu. Akaweka alama.

Alipotoka Losaline alikuwa amesimama karibu na pazia, zamu yake ikifuata. "Mbona umekaa kama unaandika barua?" alimtania.

Saa sita ndege ilisikika. Watu walitoka nje ya ukumbi, wakainua nyuso. Ilipita juu mara moja, mbawa zikiyumba kwenye upepo, ikazunguka, ikapita mara ya pili. Kisha mlio ukaanza kupungua. Ilikuwa imegeuza, inakwenda kulala nchi jirani ya Tonga.

Ligi alikimbilia mlangoni mwa ukumbi. Akasimama pale. Angemwambia nini karani? Nirudishieni karatasi yangu?

Karani wa kutoka Alofi alifungua sanduku saa kumi na moja. Alisoma karatasi moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wanafunzi. Vilitama. Lagatau. Lagatau. Vilitama. Alipofika mwisho akahesabu tena, kisha akavua miwani.

"Lagatau, ishirini na moja. Vilitama, ishirini."

Hakuna aliyepiga makofi, hata watu wa Lagatau. Mzee mwenyewe alikuwa amefungua mdomo. Kila mtu alikuwa akifanya hesabu ileile: bila Sefo na mkewe, Vilitama alikuwa na watu ishirini na mmoja ndani ya kijiji. Mmoja hayupo.

Tiene, binamu yao, ndiye aliyesema kwanza. "Wa damu hawezi," alisema. "Mimi najijua. Ligi ni dada yake wa tumbo moja. Tutazame wa kuja."

"Tiene," alisema Losaline. "Unaniambia mimi?"

"Sijataja mtu. Kofia imekutosha, vaa."

"Mimi nimpigie Lagatau? Nina nini na Lagatau?"

"Wiki iliyopita ulisema kwenye nyumba ya kusukia mikeka kwamba bora mhamie Auckland kuliko mumeo kuingia Bunge. Tulikuwa watu kumi pale. Tulisikia."

"Nilikuwa natania! Nyie hamuwaambii hivyo waume zenu?"

Shangazi Mokahele akageuka. "Ligi. Wewe ulikuwa naye. Uliona nini?"

Ukumbi mzima ukamtazama. Ligi alijua kwamba neno moja lingetosha, neno fupi tu: mimi. Alilihisi kwenye ulimi. Aliona pia ofisi ya stempu, na mama yake akipapasa sahani, na uso wa Vilitama aliyekuwa amesimama karibu na ubao, kidole kikichungulia kiatuni.

"Sikuona kitu," alisema, na akatazama chini.

Kule kutazama chini ndiko kulikomaliza kazi. Kila mtu alielewa kwamba dada mtu ameona, ila hataki kumwaibisha wifi yake.

*

Hakuna aliyempiga Losaline wala kumfukuza. Mataloto hawafanyi hivyo. Kwenye nyumba ya kusukia walimpa nafasi yake ileile, karibu na dirisha. Lakini siku ya kugawana nguruwe mtu angesema, "Mpeni Losaline paja, yeye ni mkarimu, hutoa hata cha mumewe," na wengine wangecheka wakiwa wameinamia majani. Kwenye kwaya wimbo wake alipewa Tiene. Watoto wake waliitwa watoto wa Lagatau, na mtoto mkubwa akarudi nyumbani pua inatoka damu.

Ligi alicheka pia, mara mbili. Alizikumbuka zote mbili.

Mwezi wa tatu baada ya kura, Vilitama alimfuata shambani. Alikuwa na jembe begani, lakini hakulima. Alichuchumaa kwenye jiwe la matumbawe, akachuna jani la gimbi, akalichana vipande vipande.

"Ligi, sikuulizi kama mwanasiasa. Nimeacha hayo. Nilimwuliza mke wangu, akasema siyo yeye. Nikasema sawa. Sasa kila akinipa chakula nafikiria. Wewe ulikuwa nyuma yake na mbele yake. Niambie tu, nijue naishi na nani."

Alikuwa kaka yake wa pekee. Alimbeba mgongoni kuvuka mwamba wakiwa watoto. Hapakuwa na mtu mwingine shambani, wala shahidi, wala karani. Lilikuwa shimo ambalo angeweza kulivuka kwa hatua moja.

"Kaka," alisema Ligi, "mambo ya kura ni ya siri."

Vilitama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu.

Kabla ya mwaka kwisha Vilitama na familia yake walipigilia mbao madirishani na kuondoka wote sita kwenda Auckland. Watoto wanne walipotoka, shule ikabakiwa na saba, na wizara ikaifunga. Muhula uliofuata ofisi ya stempu ilipunguzwa hadi wafanyakazi wawili, na Ligi hakuwa mmoja wao. Alirudi kusuka kofia za kuwauzia watalii. Mzee Lagatau alipokufa, wanawake waliokuwa wakimenya magimbi kwa ajili ya msiba walianza kumkumbuka kwa wema wake.

"Alinifichia jina langu kwenye ile orodha," alisema mmoja aliyekuwa ofisi ya stempu.

"Wewe pia?" alisema mwingine. "Mimi aliniletea kaa."

Ikaonekana aliwaambia hivyo wote saba wa ofisi ile. Wakacheka mpaka wakajipangusa macho. Ligi aliondoka kwenda kutapika nyuma ya tangi la maji.

*

Walimzika Vilitama mbele ya nyumba yake, kando ya barabara, karibu na baba na mama. Mkeka wa Ligi uliingia kaburini. Kesho yake, Jumamosi, Ligi na Losaline walibandua mbao madirishani ili nyumba ipate hewa. Ndani mlikuwa na majani, kinyesi cha popo, na viatu vya zamani vya mwanamume nyuma ya mlango. Losaline aliviokota, akavitazama, akavirudisha palepale.

Alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga nje, Ligi alipomwambia. Alilisema likiwa limekauka, maana alilifanyia mazoezi miaka saba.

"Wifi, kura ile ilikuwa yangu."

Mkono wa Losaline uliendelea kusugua mara tatu, nne, kisha ukasimama.

"Kwa nini?"

"Nilimwonea huruma mzee. Nilidhani ndege itakuja. Nilihesabu, kaka angeshinda tu…"

"Huruma."

"Na kazi yangu," alisema Ligi. Hilo hakuwa amelifanyia mazoezi. "Alisema amelificha jina langu. Niliogopa. Nilijiambia ni huruma ili niweze kutoka nyuma ya lile pazia."

Losaline alimwaga mchanga, akausuuza mkono wake.

"Unajua, mimi nilidhani ni Tiene," alisema. "Miaka saba nimemchukia Tiene. Nikiwa zamu ya usiku nakata mabawa ya kuku, nilikuwa nakata mikono ya Tiene. Wewe nilikuwa nakuombea. Nilisema, wifi peke yake hakunisema."

"Nisamehe."

"Kaka yako aliniuliza mara moja tu. Nikajibu, akasema sawa. Unaijua ile sawa yake. Tumekula nayo, tumelala nayo, tumewasomesha watoto nayo. Amekufa nayo. Sasa unaniambia mimi ili iweje? Ili wewe ulale?"

Ligi aliiokota sufuria, akaanza kuisugua yeye.

"Msamaha sina," alisema Losaline. "Labda utakuja, sijui. Lakini kuna nyumba ya kusukia kule. Nenda ukaseme kwa wale walionicheka. Ndege yangu ni ya Jumanne. Nataka nipite uwanjani nikiwa nimesemewa ukweli."

*

Jumatatu wanawake walikuwa kumi na mmoja. Ligi hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia isiyomalizika mkononi, na akasema yote: kaa wawili, orodha, pazia, shambani. Alimtaja mzee kwa jina, akajitaja mwenyewe.

Alipomaliza, vidole vyote vilikuwa vimeacha kusuka.

Tiene alikuwa ameiva uso kwa hasira. "Ungekufa nalo!" alisema. "Yule maiti yuko pale, hata udongo haujakauka, unakuja kutuambia nini? Mimi niliuimba wimbo wa Losaline! Niliusimamia wimbo wake kanisani miaka saba!"

"Najua."

"Hujui! Uliniacha niuimbe!"

Shangazi Mokahele, ambaye hajawahi kukosa neno, alitafuta kisu chake kwenye majani ingawa kilikuwa mapajani. "Na yale tuliyosema," alisema hatimaye, safari hii kwa mnong'ono wa kweli. "Yale ya paja la nguruwe. Sasa tutayapeleka wapi?"

Hakuna aliyemwambia Ligi akae. Hakuna aliyemwambia atoke. Alisimama hadi miguu ikamchoka, kisha akaenda zake.

Jumanne walikuja uwanjani wote kumi na mmoja. Walileta kofia, vikapu, mafurushi ya magimbi, chupa za mafuta ya nazi. Walivipanga mbele ya mizani hadi mpimaji akauliza kama kijiji kizima kinahama. Tiene alisogea, kofia nzuri kuliko zote mikononi.

"Wimbo wako," alianza, "ukirudi…"

"Mizigo imejaa, Tiene," alisema Losaline, bila ukali. Alimshika Mokahele mkono, kwa sababu ni mzee. Mbele ya Ligi alisimama kidogo.

"Umesema," alisema.

"Nimesema."

"Palilia kaburi. Usiache majani yapande juu."

Akapita. Wanawake walirudi na vitu vyao, na nyuma ya lori hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tangu hapo Ligi hupalilia kaburi kila asubuhi. Ni kando ya barabara, kwa hiyo humwona kila apitaye. Zamani pikipiki zilipopita, mkono uliinuliwa. Siku hizi baadhi huinua, baadhi hutazama mbele. Yeye huinua wake kwa wote.

Uchaguzi uliofuata wapigakura walikuwa ishirini na saba. Pazia lilikuwa shuka jingine, la mistari. Ligi alipokea karatasi kwa karani, msichana mgeni kutoka Alofi, na hakwenda nyuma ya shuka. Aliiweka mezani palepale, mbele ya benchi lililojaa watu, akaomba kalamu.

"Mama, ingia ndani," msichana alimwambia kwa upole. "Kura ni ya siri."

"Najua," alisema Ligi.

Akaiweka alama hadharani, akaiacha wazi kidogo ili anayetaka kuona aone. Kisha akaikunja.